Deni la Cumberland: Habari ya Msimu wa 1916

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 1916, wanafunzi wa chuo kidogo cha Cumberland, kilichokuwa katika mji wa Lebanon, jimbo la Tennessee, walishindwa mpira mjini Atlanta kwa pointi 222 kwa sifuri. Walioshinda walikuwa wanafunzi wa Georgia Tech. Tangu siku hiyo haikutokea timu ya chuo chochote cha Marekani iliyofunga pointi nyingi kiasi hicho katika mchezo mmoja. Habari hii imesimuliwa mara nyingi sana, na karibu kila mara imesimuliwa kwa kicheko, kana kwamba ni kisa cha wapumbavu waliojitia wenyewe katika kinywa cha simba. Kicheko hicho kimeficha swali moja ambalo mwanahistoria hana budi kuliuliza. Chuo cha Cumberland kilikuwa kimekwisha kuivunja timu yake kabla ya msimu kuanza. Kwa nini basi watu wasiokuwa na timu walipanda gari la moshi, wakasafiri kiasi cha kilomita 400, kwenda kucheza na mojawapo ya timu kali kabisa za kusini ya Marekani?

Jibu lake halimo uwanjani. Limo katika karatasi ya mkataba, na ili lifahamike yafaa kuanza mbali kidogo.

Mpira unaosemwa hapa si kandanda kama ijulikanavyo na wasomaji wengi wa Kiswahili. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, unaobebwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Kila timu ina watu kumi na mmoja. Wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa nafasi nne nyingine, na wakishindwa mpira huwa wa wapinzani wao. Kwa hiyo timu inayoona njia imezibwa huupiga mpira kwa mguu uende mbali, iwaachie adui kazi ya kuurudisha. Mtu akiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho, timu yake huandikiwa mguso, ambao tangu mwaka wa 1912 umekuwa na thamani ya pointi 6, na kisha katika siku zile ilipewa teke moja la ziada lenye pointi 1. Sheria moja ya wakati ule yafaa ikumbukwe, maana itarudi mbele: baada ya kila mguso, timu iliyofungwa ilikuwa na hiari ya kuupokea mpira au kuupiga kuwapelekea wale wale walioifunga.

Mchezo huu ulikuwa mkali, na katika miaka ya mwanzo ulikuwa ukiua. Katika mwaka wa 1905 peke yake vijana wapatao 20 walikufa kwa ajili yake, na wengi wao hawakuwa wanafunzi wa vyuo vikuu mashuhuri, bali wa shule za sekondari, vijana wa miji midogo waliocheza bila walimu, bila waganga na bila mavazi ya kinga ya kutosha. Tarehe 9 Oktoba mwaka ule Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wajumbe wa Harvard, Yale na Princeton ili wautengeneze mchezo usije ukapigwa marufuku. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, na ruhusa ikatolewa ya kuurusha mpira mbele kwa mkono. Mmoja wa watu waliolipigania jambo hilo kwa miaka kadhaa alikuwa mwalimu wa mpira aliyeitwa John Heisman.

Ijapokuwa sheria zilitengenezwa, mpango wa mchezo katika shule na vyuo vya miji midogo ulibaki vile vile. Meneja wa timu alikuwa mara nyingi mwanafunzi mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika barua za kuomba michezo, aliyekata tikiti za safari, na aliyetia sahihi mikataba ambayo pengine wakubwa wa chuo hawakuisoma. Timu ya mji mdogo ilikwenda kucheza katika mji mkubwa, kwa kuwa kiwanja chenye viti na watu wa kulipa kiingilio kilikuwa huko. Wenyeji waliwaahidi wageni fedha kadha za safari, na wageni waliahidi kufika, au kulipa fidia wasipofika. Fidia hiyo aghalabu ilizidi sana ile fedha ya safari, maana mwenye kiwanja alikuwa na mengi ya kupoteza. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba kijana wa miaka ishirini aweza kuifunga shule nzima kwa kalamu yake.

Lebanon ni mji ulio karibu na kilomita 50 mashariki ya Nashville. Katika siku hizo ulikuwa na watu elfu chache tu, hali Atlanta ilikuwa imekwisha kupita watu 150,000 katika hesabu ya mwaka wa 1910. Fahari ya Lebanon ilikuwa chuo chake, na fahari ya chuo ilikuwa shule yake ya sheria. Chuo cha Cumberland kilianzishwa mwaka wa 1842 na watu wa kanisa la Presbyterian, na shule ya sheria ikafuata mwaka wa 1847. Jengo lake kuu liliteketezwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na yasemekana kwamba mwanafunzi mmoja wa zamani, alipoyaona magofu yake, alichukua kijinga cha moto akaandika kwenye nguzo neno la Kilatini lenye maana ya “nitafufuka”. Chuo kikalishika neno hilo, pamoja na mfano wa yule ndege wa hadithi anayezaliwa upya katika majivu yake. Shule ya sheria ilifufuka kweli. Miongoni mwa waliosoma pale ni Cordell Hull, aliyemaliza mwaka wa 1891, akawa baadaye Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani tangu 1933 hata 1944, na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1945. Sifa ya shule hiyo ilikuwa kwamba mtu mwenye bidii aliweza kuyamaliza masomo yake kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo wanafunzi wake walikuwa watu wazima kidogo, wenye haraka, na wengi wao hawakukaa muda wa kutosha kujenga timu.

Walakini isidhaniwe kwamba Cumberland hakikupata kuujua mpira. Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapokosea, kwa kuwa huanza habari yao mwaka wa 1916. Katika msimu wa mwaka wa 1903 timu ya Cumberland ilikuwa ya kuogopwa. Iliishinda Vanderbilt, chuo kikubwa cha Nashville, kwa pointi 6 kwa sifuri. Katika mwezi wa Novemba ilifunga safari ya kusini, na kwa muda wa siku tano ikacheza michezo mitatu: tarehe 14 iliishinda Alabama 44 kwa sifuri, tarehe 16 ikaishinda Louisiana 41 kwa sifuri, na tarehe 18 ikaishinda Tulane 28 kwa sifuri. Wale walioshindwa wamekuwa vyuo vikubwa ambavyo majina yao yanajulikana na kila mpenda mpira wa Marekani. Mwisho wa mwezi ule, katika mji wa Montgomery, Cumberland ilikutana na Clemson ili kumjua bingwa wa kusini, na mchezo ukaisha sare, 11 kwa 11. Mwalimu wa Clemson siku hiyo alikuwa John Heisman. Huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho kabla ya kuhamia Georgia Tech mwaka wa 1904. Basi aliposimama kuitazama timu ya Cumberland miaka kumi na mitatu baadaye, hakuwa akilitazama jina geni.

Heisman alikuwa mtu wa namna ya peke yake. Alizaliwa mjini Cleveland mwaka wa 1869, akasoma sheria katika chuo cha Pennsylvania, lakini hakuifanya sheria kuwa kazi yake. Alifundisha mpira, na wakati wa likizo alikuwa mchezaji wa tamthilia, pamoja na zile za Shakespeare, na lugha ya jukwaani aliichukua hata uwanjani. Katika Georgia Tech alifundisha vile vile besiboli. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1916 timu yake ya besiboli ilicheza na Cumberland, ikashindwa 22 kwa sifuri. Ilinong'onwa kwamba waliocheza kwa jina la Cumberland siku ile hawakuwa wanafunzi, bali wachezaji wa kulipwa waliokodiwa kutoka Nashville. Heisman aliamini hivyo, na hakusahau. Wapenda ajabu wameona kwamba alama ya 22 ilirudi ikiwa 222, kana kwamba deni limelipwa na riba yake. Hiyo ni bahati ya tarakimu tu, walakini si vigumu kufahamu kwa nini watu wameipenda.

Katika mwaka huo huo, kabla ya msimu wa mpira, Cumberland iliamua kuacha mchezo huo. Kwa chuo kidogo uamuzi ule ulikuwa wa busara, kwani mpira ulikuwa ukila fedha. Walakini mchezo mmoja ulikuwa umekwisha kuandikiana mkataba na Georgia Tech. Kwa mkataba huo Cumberland ingepewa dola 500 kwa kufika Atlanta. Isipofika, italipa fidia ya dola 3,000. Heisman alipoombwa aufute mchezo, alikataa, akaikumbusha Cumberland fidia hiyo.

Yafaa kuzipima fedha hizo kwa kipimo cha wakati wake. Katika mwaka wa 1914 Henry Ford aliushangaza ulimwengu kwa kuwalipa wafanya kazi wake dola 5 kwa siku, ujira ulioonekana mkubwa kupita kiasi. Mtu wa Ford angalihitaji kufanya kazi siku 600, bila kula senti moja, ili apate kuilipa fidia ya Cumberland. Kwa chuo cha mji mdogo, kilichokuwa kimeacha mpira kwa kuhofia gharama, dola 3,000 zilikuwa jambo la kuondosha usingizi. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote, na ndipo panaporukwa upesi na wale wanaotaka kufika kwenye vichekesho.

Mzigo ulimwangukia kijana mmoja, George Allen, mwanafunzi wa sheria kutoka Mississippi, aliyekuwa meneja wa michezo. Husemwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na lawama kwa kutoipa Georgia Tech habari mapema. Iwe ilivyo, ndiye aliyezunguka chuoni kutafuta watu. Alianza na wanachama wa udugu wake wa wanafunzi, akaongeza wenzake wa shule ya sheria, mpaka akapata watu kumi na kitu, wengi wao wasiokuwa wamecheza mpira wa chuo hata siku moja. Hapana mahali pafaapo zaidi kujifunza maana ya mkataba kuliko shule ya sheria, na hapana somo gumu zaidi kuliko lile walilopewa vijana hawa: kwamba ahadi iliyotiwa sahihi na mwingine yaweza kumpata mtu mwilini mwake. Dawa ya deni ni kulipa, na wao hawakuwa na cha kulipia isipokuwa mbavu zao. Inasimuliwa kwamba gari la moshi liliposimama Nashville watatu miongoni mwao walishuka wakapotea mjini, na safari ikaendelea bila wao. Ikiwa ni kweli, huenda hao ndio waliokuwa na akili.

Habari ya mchezo wenyewe haina haja ya maneno mengi, kwa sababu jambo lile lile lilitokea mara nyingi mno. Cumberland waliupokea mpira kwanza, wakashindwa kusogea yadi 10, wakaupiga mbali. Georgia Tech wakaupata, na katika jaribio lao la kwanza wakafunga. Cumberland wakaupokea tena, wakaudondosha, adui akauokota, akafunga. Robo ya kwanza ilipokwisha ilikuwa 63 kwa sifuri. Robo ya pili ikaongeza 63 nyingine, na watu wakaenda kupumzika 126 kwa sifuri. Inasimuliwa kwamba hata hapo Heisman aliwaonya vijana wake wasilegee, kwa kuwa haijulikani Cumberland wamewaficha nini. Wengine huongeza kwamba aliigawa timu yake mafungu mawili, akaliahidi chakula cha nyama lile litakalofunga zaidi. Kipindi cha pili kilipunguzwa dakika. Robo ya tatu ilileta pointi 54, na ya nne 42.

Mwenye kupenda hesabu aweza kuyahakikisha haya kwa kalamu. Miguso 32 ni pointi 192. Ukiongeza mateke ya ziada 30 yaliyofaulu unapata 222. Katika mateke hayo, 18 yalipigwa na mtu mmoja, Jim Preas. Aliyesifiwa zaidi kwa mbio alikuwa Everett Strupper, kijana mwenye uziwi, ambaye katika mwaka wa 1917 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima.

Yako mambo mawili katika taarifa za siku hiyo ambayo yanastahili kutazamwa kuliko jumla yenyewe. La kwanza ni kwamba hapana timu hata moja kati ya hizo mbili iliyopata nafasi nne mpya kwa kusogea yadi 10. Kwa Cumberland sababu ni dhahiri: maendeleo yao makubwa kabisa yalikuwa yadi 10 kwa kurusha mpira, na hayo yaliwajia katika nafasi ya nne walipokuwa wakihitaji yadi 22. Kwa Georgia Tech sababu ni kinyume chake: walifunga upesi mno hata hawakufika kuzihitaji nafasi nyingine. Mtu asiyejua habari, akipewa hesabu hiyo moja peke yake, angedhani timu zilikuwa sawasawa. Hili ni onyo kwa kila anayetafuta ukweli katika majedwali ya tarakimu bila kuuliza tarakimu zimezaliwaje.

La pili ni kwamba Georgia Tech hawakuurusha mpira mbele hata mara moja. Heisman, mtu aliyepigania kurusha mpira kuliko karibu kila mwalimu mwingine, siku ile hakuwa na haja nako. Waliorusha ni Cumberland, kwa kuwa wasiokuwa na nguvu za kupita katikati ya watu hulazimika kujaribu kupita juu yao. Na mara kadhaa mipira yao ilidakwa na adui. Kadhalika waliitumia ile hiari ya sheria: baada ya kufungwa, mara nyingi walichagua kuwapelekea Georgia Tech mpira badala ya kuupokea. Wasimulizi hulicheka jambo hili kama ujinga, lakini si ujinga. Mtu ambaye kila ashikapo mpira anaudondosha karibu na lango lake, ana haki ya kuona afadhali mpira uwe mikononi mwa adui upande wa mbali wa kiwanja. Kwamba adui aliukimbiza mbio akaurudisha hadi nyuma ya mstari, hilo ni jambo jingine. Watu hawa hawakusimama kungoja kipigo. Walikuwa wakitafuta, katika sheria zilizokuwapo, njia ya kupunguza msiba, na wanasheria wangefanya nini zaidi ya hapo?

Kwa nini Heisman hakuzuia mkono wake? Kisasi cha besiboli chatosha kuwa sababu, lakini hakikuwa peke yake. Katika miaka ile waandishi wa habari za michezo walikuwa na desturi ya kuzipima timu kwa kujumlisha pointi zilizofungwa katika msimu, bila kuuliza zimefungwa dhidi ya nani. Heisman aliiona desturi hiyo kuwa ni upuuzi, na hapana shaka alikuwa na haki. Inaelezwa kwamba mchezo wa Cumberland aliufanya kuwa hoja yake: ikiwa pointi ndizo zinazotakiwa, basi zihesabiwe, ili kila mtu aone kwamba jumla kubwa haithibitishi kitu. Kama hoja ilikuwa ya kweli, kuliko nyingi zilizoandikwa kwa wino. Aibu yake ni kwamba haikuandikwa kwa wino. Iliandikwa juu ya migongo ya vijana kumi na kitu ambao hawakuwa na ugomvi na waandishi, na ambao wengi wao hawakuwamo hata katika ule udanganyifu wa besiboli, kama ulikuwapo. Mwalimu anayetaka kuonyesha ubovu wa mizani hahitaji kumponda mtu juu yake. Georgia Tech walikuwa timu bora, na wangelikuwa bora hata kwa pointi 60. Msimu uliofuata, wa 1917, walihesabiwa mabingwa wa nchi, na walikaa michezo 33 bila kushindwa hata Pittsburgh ilipowashinda 32 kwa sifuri mwaka wa 1918. Mchezo wa Cumberland hauwaongezei chochote.

Sasa yafaa kurudi kwenye kile kicheko na kuuliza kilitoka wapi. Hadithi za siku hiyo ni nyingi. Mchezaji wa Cumberland adondosha mpira, amwambia mwenzake auokote, naye amjibu aokote mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyeudondosha. Mwingine aonekana amejificha chini ya blanketi penye benchi la Georgia Tech, na aambiwapo kwamba amekosa njia, ajibu kwamba hakukosa, maana akirudi kwao atarudishwa uwanjani. Mwingine apandishwa mabegani mwa wenzake ili azuie teke la ziada, na alizuia kwa uso wake. Hapana namna ya kuzithibitisha zote, na baadhi yake zina harufu ya kutiwa chumvi na miaka. Lakini zote zina sifa moja, nayo ni kwamba wanaozungumza na kutenda ndani yake ni watu wa Cumberland. Georgia Tech ni kama mvua katika hadithi hizi: wanawanyeshea watu, wala hawana neno. Hadithi za ushindi huo zilitungwa na kutunzwa na walioshindwa.

Msambazaji wake mkubwa alikuwa George Allen mwenyewe. Kijana yule aliyekwenda mlango kwa mlango kutafuta wachezaji alikuja kuwa mtu maarufu mjini Washington: alikuwa mmoja wa makamishna wa mji huo, alikuwa katibu wa Kamati ya Taifa ya chama cha Democratic, na Rais Harry Truman alimweka katika uongozi wa lile shirika la serikali la kukopesha fedha mwaka wa 1946. Alikuwa rafiki wa Truman na wa Eisenhower baada yake, na sifa yake kubwa mbele ya wakubwa hao ilikuwa uchangamfu na hodari wake wa kusimulia visa. Mwaka wa 1950 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake, na hata jina la kitabu chenyewe, linalosema kwamba marais ndio waliomjua yeye, ni la mzaha. Mtu kama huyo hakuweza kuuacha mchezo wa Atlanta ukae kimya. Aliusimulia kwa namna iliyomfanya yeye na wenzake kuwa wacheshi badala ya kuwa wanyonge. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema Waswahili. Allen alikubali kushindwa kwa bidii kiasi kwamba kushindwa kule kukawa mali yake. Lakini mwanahistoria anayesoma masimulizi yake lazima akumbuke ni nani anayecheka, na kwamba mtu huyo alikuwa na sababu ya kutaka watu watazame mpira uliodondoshwa kuliko barua isiyopelekwa.

Cumberland walipata dola 500 zao, na fidia haikudaiwa. Chuo kikaendelea, kikaurudia mpira katika miaka ya baadaye, kikauacha tena baada ya msimu wa 1949. Pigo kubwa zaidi kwa mji wa Lebanon halikutoka uwanjani, wala halina watu wanaolisimulia kwa kicheko: mwaka wa 1961 shule ya sheria, fahari ya zaidi ya miaka mia, ilihamishwa kwenda Birmingham, Alabama, ikachukuliwa na chuo kingine pamoja na jina lake. Wapita njia waliouliza habari za Cumberland baada ya hapo waliambiwa juu ya 222, si juu ya Cordell Hull, wala juu ya zile siku tano za Novemba 1903. Mpira ulirudishwa chuoni mwaka wa 1990.

Heisman aliondoka Atlanta baada ya msimu wa 1919, alipoachana na mkewe. Wawili hao walikubaliana wasikae mji mmoja, na mke akauchagua Atlanta. Alifariki mwaka wa 1936, na mwaka huo huo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, iliyokuwa imetolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935, ikapewa jina lake. Mpira uliotumika siku ya mchezo ule, wenye alama za 222 na sifuri zilizoandikwa juu ya ngozi yake, uliuzwa kwa mnada mwaka wa 2014 kwa zaidi ya dola 40,000, mara kumi na zaidi ya ile fidia iliyowapeleka vijana wa Lebanon Atlanta. Mnunuzi aliutoa kwa Georgia Tech.